Niliipaka Rangi Injini ya Baba

Mwenye kuwanyoshea wengine kidole hana budi siku moja ajinyoshee mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwalaumu watu wa pwani katika maandishi yangu: huyu kauza mlango wa nakshi wa babu yake, yule kapeleka birika la shaba likapimwa kwa kilo, mwingine kapiga rangi ya mafuta juu ya mbao za mvule zilizodumu miaka mia. Sikupata kusema hata mara moja kwamba mimi nami nimo. Leo nitasema, na kitu chenyewe ni kidogo hata wengine watacheka. Ni garimoshi la kuchezea watoto, la bati.

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika ghala la mizigo la reli hapa Mombasa. Mwaka wa uhuru, 1963, mkubwa wake mmoja wa kazi alifunga mizigo kurudi kwao Uingereza, na vitu visivyoingia sandukuni akawagawia wafanyakazi. Mmoja alipata viti, mwingine gramafoni. Baba akapata kasha jekundu la karatasi ngumu lililokuwa la watoto wa yule bwana. Ndani mlikuwa na injini nyekundu ya bati yenye herufi LMS za rangi ya dhahabu ubavuni, mabehewa mawili, na vipande vya reli vya kutosha kufanya duara moja. Haikuwa ya umeme wala ya betri. Ilikwenda kwa kamani kama saa ya ukutani: unatia ufunguo katika tundu la ubavuni, unazungusha mpaka mkono ukatae, na ukiiachia inakimbia.

Sisi tulizaliwa tukaikuta. Ilitoka kabatini mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, baada ya sala na baada ya kuzunguka kwa jamaa kutafuta mkono wa Idi. Mkeka ulikunjwa, reli zikapangwa juu ya sakafu, na baba, mtu ambaye mwaka mzima hatukuthubutu kupaza sauti mbele yake, akalala kifudifudi na kanzu yake nyeupe. Mama akisema kutoka jikoni, "Haya, bwana stesheni kashaanza kazi!" Ule mlio wa bati juu ya bati, na ile harufu ya mafuta ya cherehani aliyokuwa akiidondoshea, ndiyo Idi kwangu mimi hata leo.

Baba alifariki mwaka 1996. Miaka miwili baadaye nilifungua kabati nikaikuta injini imetoka madoa ya kutu, rangi imebanduka pembeni, na kona za lile kasha zimeliwa na mende. Nikaona haya. Nikanunua msasa, nikaisugua mpaka bati likang'aa, kisha nikaipiga rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka madirisha. Kasha nikalitupa. Injini nikaiweka juu ya rafu sebuleni, na kila mgeni aliyeingia nikimwonyesha kwa fahari ukumbusho wa mzee.

Ilinichukua miaka 16 kujua nilichofanya.

Mwaka 2014 nilikwenda Uingereza kumtazama mwana wa dada yangu, naye akanipeleka mji wa Brighton, ulioko ufukweni kusini mwa London. Chini ya stesheni ya reli ya mji huo, ndani ya matao ya matofali, mna makumbusho ya vitu vya kuchezea yaliyofunguliwa mwaka 1991. "Mjomba," akaniambia, "hapa utaona ya kwenu." Kweli nikayaona. Makabati ya vioo yamejaa magarimoshi ya bati ya Märklin, ya Bing, ya Bassett-Lowke, ya Hornby. Na pana uwanja mpana wa reli uliopangwa kama walivyopanga watu wa miaka ya 1930. Hapo nikamkuta ndugu yake ile ya baba, mwekundu, LMS ubavuni. Naye alikuwa na makwaruzo, na kutu ilikuwa imemshika pembeni kuliko hata yangu ilivyokuwa nilipoichukulia msasa. Nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa akihudumu pale, mbona hamuipaki rangi? Akanitazama kwa upole, akasema, "Hiyo ndiyo rangi aliyoiona mtoto wa kwanza."

Sikumwambia habari ya madirisha yangu.

Ili mfahamu kwa nini maneno yale yalinichoma, yafaa niwaeleze kitu hiki kilitoka wapi. Bati lenyewe si lile la kuezekea. Ni chuma chembamba kilichovikwa ngozi ya madini meupe yasiyoshika kutu upesi, ni lile lile la mikebe ya biskuti. Wajerumani wa kusini ndio waliolifanya sanaa. Katika mji wa Göppingen, mwaka 1859, fundi bati aitwaye Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kuunda vyombo vya jikoni vya nyumba za wanasesere: vijisufuria, vijisinia. Alikufa mapema, na mjane wake Caroline akaishika kazi, akisafiri mwenyewe kutafuta wateja, jambo ambalo wanawake wa zama zile hawakuwa na mazoea nalo. Wanawe ndio waliopeleka katika maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891 reli ya kamani yenye njia iliyojipinda kama tarakimu 8.

Werevu wao haukuwa katika injini, maana magarimoshi ya kuchezea yalikuwapo kabla yao. Ulikuwa katika vipimo. Waliweka upana maalumu wa njia, wakaupa namba, ili kipande kilichonunuliwa mwaka huu kiungane na kitakachonunuliwa mwaka ujao. Mtoto akipewa duara leo, mwakani ataongezewa daraja, na mwaka wa pili stesheni. Mama zetu wanaijua biashara hii: ni ile ya kabati la vyombo, mwaka huu sahani, mwaka ujao mabakuli ya maua yale yale, na seti haikamiliki mpaka mtu anaingia kaburini. Kipimo kilichokuja kupendwa na wengi huitwa sifuri, nao upana wake ni milimita 32 kati ya reli na reli. Hicho ndicho cha baba.

Nuremberg nao walikuwa na wao. Ndugu wawili, Ignaz na Adolf Bing, walianzisha huko katika miaka ya 1860 biashara iliyokuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya vitu vya kuchezea duniani. Magarimoshi ya bei kubwa yalipakwa rangi kwa mkono. Yale ya watu wa kawaida yalichapwa. Nataka mulione jambo hili. Bati lilipitishwa katika mitambo ya kuchapia likiwa bado bapa, rangi baada ya rangi, kama gazeti: misumari, mapazia ya madirisha, wakati mwingine abiria wanaochungulia nje. Kisha lilikatwa, likakunjwa, na vijiulimi vyake vikapenyezwa katika mianya na kupindwa kwa ndani. Nenda kwa fundi bati yeyote atengenezaye vibatari utamwona akipinda ulimi ule ule.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, Mwingereza W. J. Bassett-Lowke wa mji wa Northampton alionana na Stefan Bing, na kuanzia hapo Wajerumani wakawa wanawaundia watoto wa Uingereza magarimoshi ya rangi za reli za Kiingereza. Vita vya kwanza vikakata biashara hiyo. Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool, yule aliyevumbua Meccano na kuipatia hataza mwaka 1901, akatoa garimoshi lake la kwanza la kamani. Likashika nchi.

Hornby hakuuza injini tu. Aliuza ulimwengu mzima: taa za njiani, mikono ya ishara inayoinuka na kushuka, mahandaki, wachukuzi wadogo na mikoba yao. Palikuwa na stesheni ya bati ambayo nyumba ni ile ile moja, lakini ukutani moja imeandikwa Margate, nyingine Windermere, nyingine Ripon. Mtoto alinunua mji autakao. Mabehewa yalibeba majina ya wenye maduka, biskuti za Carr's, ndizi za Fyffes, mafuta ya Shell, haradali ya Colman's. Na hilo la haradali leo likitokea mnadani wazee wa Kiingereza hupigana vikumbo. Ukiyatazama unasoma nchi ilikuwa ikila nini.

Na unasoma mengine mazito zaidi. Zile herufi LMS ni za kampuni ya reli iliyokwisha mwaka 1948, serikali ya Uingereza ilipozitaifisha reli zote. Akina Bing walikuwa Mayahudi. Kiwanda chao kilianguka mapema katika miaka ya 1930, na Stefan Bing mwisho wake alihamia Uingereza, Wanazi walipoishika nchi yake. Mwaka 1942 Uingereza ilipiga marufuku kuunda vitu vya kuchezea vya chuma, kwa kuwa kila kipande kilihitajiwa vitani. Baada ya vita ikaja plastiki, zikaja njia nyembamba zaidi zinazoingia katika nyumba ndogo, na kiwanda kile cha Liverpool kilifungwa kabisa mwaka 1979. Yote haya yamo katika kitu kinachokaa kiganjani. Na mimi niliyaondoa kwa msasa wa shilingi chache.

Basi watu wa nchi zile wanafanya nini na masalio haya? Wanayakusanya. Wamarekani wana chama chao cha wakusanyaji tangu mwaka 1954. Wapenzi wa Hornby wana chao Uingereza tangu 1969. Mwaka 2005 wezi walivunja makumbusho ya Märklin huko Göppingen usiku wakaiba vitu vya thamani ya zaidi ya euro milioni moja, na polisi wakavikamata Vienna miezi miwili haijatimia. Kwa hiyo si mchezo tena.

Lakini kati yao pana ugomvi, na ndio uliyonitia kalamuni. Kundi moja lasema garimoshi likae kashani. Kasha la asili na kamba yake, karatasi ya maelezo, ufunguo usiowahi kutiwa tunduni. Kila unapoliendesha unalila kidogo, magurudumu yanakwaruzika, rangi inaruka, na bei inashuka. Kundi la pili lasema kitu kiliundwa kiende, na kisichokwenda ni maiti iliyopambwa. Hawa huyapanga magarimoshi yao chini, wakatia ufunguo, na wenye umri wa miaka 70 wakapiga magoti.

Mimi nimewasikiliza wote wawili. Katika habari ya rangi niko na wale wa kwanza, tena kwa uchungu wa aliyekwisha ungua. Rangi ya asili ikiondoka haitengenezeki. Unachopaka juu yake ni chako, si cha aliyeiunda. Katika habari ya kuendesha niko na wale wa pili bila kusita. Kamani isiyofanya kazi miaka 50 mafuta yake huganda yakawa kama gundi. Inayozungushwa mara kwa mara, kwa tone moja la mafuta mepesi, huishi. Na mwenye kununua kitu kwa mali nyingi, kisha akakifungia asikione yeye wala mwanawe, huyo sijui amenunua nini.

Yako mambo ambayo hata kasha halizuii. Vyuma vya kusubu vya miaka ya 1930, hasa magurudumu, vina maradhi yao: zinki ikichanganyika na risasi kidogo tu kiwandani, baada ya miaka huvimba, hupasuka na kuvunjika kama kashata, hata ikiwa kitu kimekaa kabatini hakikuguswa. Dawa yake hakuna. Wakusanyaji wa kweli huweka magurudumu mapya, na wakiuza humwambia mnunuzi. Hilo nimelipenda. Kutengeneza si kosa. Kosa ni kuficha, na kosa kubwa kuliko hilo ni kutengeneza kisichokuwa kimeharibika.

Najua watakaosema: mtu mzima na kanzu yake, gazeti zima, anaandika juu ya michezo ya watoto! Tena ati ni israfu. Maalimu wetu wa chuoni, ambaye bakora yake naikumbuka kuliko hata uso wake, alitusimulia siku moja habari ya Bibi Aisha na vitu vyake vya kuchezea, kwamba miongoni mwavyo palikuwa na farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W.) alipomwuliza farasi gani huyu mwenye mbawa, akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana. Kila nilipokumbuka hadithi hiyo nilimwona baba amelala kifudifudi juu ya sakafu. Israfu ipo, sikatai. Iko katika yule atoaye fedha za kujengea nyumba kwa behewa la haradali asilolifungua. Haiko katika duara la reli siku ya Idi.

Sasa nakuja kwenu. Mombasa ulikuwa mji wa reli na wa bandari. Walipoondoka wakubwa wale si baba peke yake aliyeachiwa kasha. Najua zimo nyumba Kizingo, Makadara, Mji wa Kale, ambamo juu ya kabati pana kitu cha bati kilichofungwa kwa kitambaa, cha Kiingereza, cha Kijerumani au hata cha Kijapani. Nawasihi musikisugue. Kutu likiwa kidogo, kifute kwa kitambaa kikavu laini na kukiweka mahali pasipofika hewa ya chumvi, maana chumvi yetu haina huruma. Petroli usiikaribishe, hasa kwa bati la kuchapwa. Itaondoka na abiria na mapazia yao. Ufunguo ukikataa usiulazimishe, kipeleke kwa fundi saa, kazi ya kamani anaijua. Usiiendeshe juu ya zulia, nyuzi huingia katika meno. Ukiimaliza kucheza, iache ikimbie mpaka ichoke. Usiilaze na kamani iliyojaa. Kasha, hata limeliwa na mende, liweke. Na akija mtu asiyekujua akakuambia ni takataka lakini kwa hisani yake atakupa mia tano, mnywishe kahawa na umuage.

Mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu simlaumu. Yeye hununua kinacholetwa.

Mwana wa dada yangu, niliporudi Mombasa na kumpigia simu nikamwambia ukweli, alicheka kwanza, kisha akaniliwaza. "Mjomba, hapa wanauza rangi ile ile na herufi zile zile za kubandika. Niletee injini, nitakutolea hiyo kijani, itarudi nyekundu kama mpya." Nikafikiri sana. Nikaitoa rafuni, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaipindua. Na hapo, ndani ya ukingo wa paa la dereva, mahali ambapo msasa wangu haukufika na brashi yangu haikuingia, nikaona mstari mwembamba wa wekundu, upana wa uzi wa kushonea kofia. Nikajua kwamba dawa ya kutolea kijani ingeondoka na huo pia. Nikamjibu aniache.

Hata hivyo kamani nilimpelekea fundi saa, akaisafisha na kuitia mafuta, na sasa inakwenda. Idi iliyopita tulikunja mkeka. Mjukuu wangu wa miaka saba, aliyezoea magari ya rimoti yanayopiga kelele mpaka betri ife, aliishika injini akaizungusha huku na huku kama mkaguzi wa reli, akatia kidole chini ya paa.

"Babu, mbona humu ndani nyekundu?"

"Hiyo ndiyo rangi yake," nikamwambia.

"Na hii kijani je?"

"Hiyo niliipaka mimi."

Akanitazama kidogo, akatia ufunguo.